Toba Isiwe ya Waumini wa Kawaida Peke Yao

Mtu akihama kanisa kimyakimya, tunamwombea. Akihama na kueleza kwa nini, tunamsomea 1 Yohana 2:19: walitoka kwetu, lakini hawakuwa wa kwetu. Nimeusikia mstari huo ukisomwa madhabahuni, kwenye jumuiya za nyumbani, hata msibani, na kila mara kazi yake ni ile ile, kumziba mtu mdomo kabla hajasikilizwa. Wanaousoma hawafiki aya ya 22, ambako Yohana mwenyewe anamtaja anayemsema: yule anayekana kwamba Yesu ni Kristo. Aliyeuliza fedha za ujenzi zimekwenda wapi hayumo humo. Binti aliyesema kwamba kiongozi wa vijana alimtaka kimapenzi hayumo.

Naamini kabisa katika nidhamu ya kanisa. Mzee wa kanisa akimpiga mkewe Jumamosi, na Jumapili akasimama kupokea sadaka bila mtu hata mmoja kumuuliza, usharika huo umeacha kazi uliyopewa. Mathayo 18 iko wazi: nenda kwake mkiwa wawili tu, asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili, asiposikia hao, liambie kanisa. Na shabaha imeandikwa pale pale, kumpata ndugu. Paulo naye, akiwaandikia Wakorintho mara ya pili kuhusu mtu aliyekwisha kuadhibiwa na wengi, anawaambia inatosha, sasa wamsamehe na kumfariji asije akamezwa na huzuni.

Tunachofanya sisi mara nyingi ni kitu kingine. Wengi waliokulia sharika za Kilutheri huku kwetu wanakijua kipindi kile baada ya matangazo. Katibu anashika karatasi, anasoma jina la binti, anasema amekosa amri ya sita, usizini, na anaomba kurudi kundini. Binti anatoka kwenye benchi la nyuma, amejifunga kitenge juu juu ili tumbo lisionekane, anasimama mbele macho yakiwa sakafuni. Anaulizwa maswali ambayo majibu yake yamekwisha andaliwa. Kuna akina mama ambao muda wote huo wanamhesabia miezi kwa vidole. Na aliyempa mimba? Kama ni wa usharika mwingine hatajwi. Kama ni wa hapo hapo na ana jina, mara nyingi hatajwi vilevile. Atakuwa ameketi na kwaya, na baada ya dakika chache atasimama kuimba. Mwili wake hauonyeshi kitu, basi dhambi yake haina ushahidi.

Hiyo siwezi kuiita toba. Toba huanzia moyoni mwa aliyekosa. Hii imeanzia kwenye kikao cha wazee, imeandikwa, imepangiwa Jumapili, na anayeifanya anajua kwamba asipoifanya mtoto wake hatabatizwa pamoja na wengine. Tukishangaa baadaye kwamba binti huyo amehamia kanisa la mtaa wa pili na hataki hata kutusalimia, tunasema ana uchungu. Ndiyo, ana uchungu. Tulitegemea awe na nini?

Ukikaa na waliotoka na kuwasikiliza kwa utulivu, bila haraka ya kuwarudisha, utagundua jambo. Wengi walipitia Mathayo 18 hatua kwa hatua. Walimfuata mchungaji peke yao, akawaambia waombee jambo hilo. Wakaenda na mtu wa pili, wakaitwa wachochezi. Wanaposema hadharani, wako kwenye hatua ya tatu: wanaliambia kanisa. Sisi tunaiita uasi kwa sababu safari hii anayeonywa ni kiongozi.

Hapo ndipo hutolewa Zaburi 105, msiwaguse masihi wangu, yaani wapakwa mafuta wa Mungu. Hutolewa na 1 Timotheo 5:19, kwamba mashtaka juu ya mzee yasipokelewe bila mashahidi wawili au watatu. Ni agizo zuri, linamlinda mtu na uzushi. Lakini aya ya 20 inayofuata inasema wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Sijawahi kusikia hizo mbili zikisomwa pamoja.

Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, ukaingia Bukoba na Kenya, ulijua kitu hiki. Kuungama hadharani kulikuwa moyo wake. Lakini kulianza na wenye nafasi pia: wamishonari Wazungu walisimama mbele ya Waafrika wakaungama kiburi chao cha rangi. Walioiba walirudisha mali. Ulikuwa na makosa yake, ikiwemo kumwona asiyeungama kwa namna yao kuwa hajaokoka, na hilo liliumiza na kugawa watu. Hata hivyo, sura ile ya mkubwa akitubu mbele ya mdogo tumeiacha njiani, tukabaki na mdogo peke yake.

Na gharama ya kuwapuuza waliotoka tunaijua. Kabla polisi hawajaanza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, Aprili 2023, walikuwepo ndugu wa waumini na watu waliokuwa zamani ndani ya kanisa la Paul Mackenzie, mhubiri aliyedaiwa kuwahimiza waumini wafunge hadi kufa, waliopaza sauti. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400, na miongoni mwao walikuwa watoto wengi. Sisemi kila usharika wenye mchungaji mkali ni Shakahola. Nasema waliokuwa ndani huona mapema.

Wapo pia waliotoka wanaosema uongo, na wapo wanaochanganya jeraha la kweli na chumvi nyingi. Ndiyo maana mashahidi wapo. Wazee wamwite aliyetoka, aje na mtu anayemwamini, maneno yake yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kama alivyoyasema, na anayelalamikiwa asiwe mwenyekiti wa kikao hicho. Jambo la jinai, kama kumdhuru mtoto, liende polisi siku hiyo hiyo bila kusubiri kikao. Binti mwenye mimba aongee na mchungaji na mama mmoja wa kanisa ofisini, akitaka mwenyewe, na mtoto wake abatizwe na wenzake. Ikithibitika kwamba kiongozi alikosa, toba yake isomwe baada ya matangazo, katika ibada zote za Jumapili hiyo, akiwa amesimama mbele.