Koilova za mbele kwenye pikapu: nani anazihitaji kweli?

Mazungumzo ya koilova, yaani shokapu iliyofungwa pamoja na springi inayoizunguka, karibu kila mara huanzia kwenye kimo: gari litapanda inchi ngapi? Si swali baya. Pikapu iliyoinuka mbele inapendeza macho, na inaruhusu tairi kubwa zaidi. Ila kimo ndiyo kazi ndogo kuliko zote ambazo koilova inafanya. Kipande cha chuma kinachofungwa juu ya shokapu kitainua gari vilevile, tena kwa sehemu ndogo ya gharama. Koilova nzuri inauza vitu vingine viwili: uwezo wa kuhimili joto, na nafasi ya kulinganisha springi na uzito uliopo mbele. Asiyehitaji viwili hivyo atalipia kitu asichokitumia. Anayevihitaji naye mara nyingi hupewa nusu tu ya habari.

Kuna dhana moja ya kuondoa mapema. Pikapu nyingi za leo hutoka kiwandani zikiwa na springi iliyoizunguka shokapu mbele, yaani umbo lilelile la koilova. Toyota Hilux ya 4x4 iliachana na torsheni ba za mbele (fimbo za chuma zinazojinyonga badala ya springi) katika kizazi kilichotoka mwaka 2004, na washindani wake wengi nao wamehamia huko. Kwa hiyo anayenunua koilova haingizi mfumo mpya kwenye gari. Ananunua mwili mnene zaidi wenye mafuta mengi zaidi, naitrojeni iliyotengwa na mafuta, nyuzi za skrubu zinazoruhusu kikalio cha springi kupanda na kushuka, na muundo unaoweza kufunguliwa na kufanyiwa sevisi. Zile za bei ya juu huongeza chupa ya pembeni ya mafuta na vitufe vya kurekebisha ukali, yaani nguvu ya shokapu kupinga mtikisiko.

Hoja ya joto ndiyo nzito kuliko zote. Shokapu hugeuza mtikisiko kuwa joto: tairi likipanda na kushuka, pistoni inasukuma mafuta kupita kwenye vali nyembamba, na nguvu ile inaishia kuwa moto ndani ya mafuta. Kwenye lami kuna muda wa kupoa. Kwenye barabara ya vumbi yenye vituta vidogo vidogo vilivyopangana kwa kilomita nyingi, muda huo haupo. Shokapu ya kawaida ya mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, inaweka mafuta na gesi kwenye chumba kimoja, na vikitikiswa vikiwa vya moto hutoa povu kama soda iliyorushwarushwa. Pistoni ikipita kwenye povu haikutani na upinzani wowote wa maana.

Dereva huona dalili kwa mpangilio unaotabirika. Nusu saa ya mwanzo gari limetulia. Baadaye pua inaanza kunesa baada ya kila bonde, usukani unakuwa mwepesi kwenye kona zenye changarawe, na ukikanyaga breki mbele inazama kuliko ilivyozama asubuhi. Pumzika, gari lipoe, na ugonjwa unapona wenyewe. Anayetaka uthibitisho asimame katikati ya kipande kibaya na kudondosha tone la maji kwenye mwili wa shokapu, bila kuigusa kwa mkono. Tone likichemka papo hapo, huenda mafuta ya ndani yamepita kiwango ambacho shokapu ndogo inaweza kukimudu.

Hapo koilova ya silinda moja ina jibu la kweli, si la tangazo. Pistoni inayoelea inatenganisha mafuta na naitrojeni yenye shinikizo, hivyo povu linapungua sana, na kwa kuwa hakuna mrija wa pili, joto la mafuta linatoka moja kwa moja kwenye ukuta unaopigwa na upepo. Ukubwa nao una maana. Ukitoka kwenye kipenyo cha inchi 2 kwenda 2.5, eneo la duara linaongezeka kwa zaidi ya nusu, na mafuta yanayogawana joto lile yanaongezeka pia. Chupa ya pembeni inazidisha akiba hiyo.

Sasa jiulize ni pikapu ngapi zinazofika huko. Gari linaloenda kazini kwa lami, likaingia njia ya shamba kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa na kurudi, halitachemsha mafuta hata likiwa na shokapu za kiwandani. Mwenye gari hilo akifunga koilova na kusema linatembea vizuri kuliko zamani, husema kweli, lakini mara nyingi analinganisha kifaa kipya na shokapu zilizokufa miaka kadhaa iliyopita. Shokapu mpya za kawaida zingempa sehemu kubwa ya raha ileile.

Hoja ya uzito iko katikati. Bampa ya chuma na winchi kwa pamoja vinaweza kukaribia kilo 100, na vyote vinaning'inia mbele ya ekseli, mahali ambapo springi ya kiwandani haikutarajia kitu. Gari linakaa limeinama pua na kugonga raba za kikomo kila likishuka shimoni. Springi ngumu zaidi inahitajika, pamoja na shokapu yenye ukali unaoendana nayo, maana springi ngumu juu ya shokapu dhaifu inarudi kwa kishindo. Koilova inakuachia uchague springi kwa namba ya ugumu wake. Lakini springi zilizotengenezwa kwa mizigo tofauti zinazokaa kwenye kikalio cha kawaida zipo pia, na kwa gari ambalo mzigo wake wa mbele haubadiliki, hizo zinatosha. Nyuzi za skrubu zina faida ya wazi kwa anayebadilisha uzito mara kwa mara, au ambaye gari lake limelalia upande mmoja kwa sababu ya tangi na vifaa.

Nyuzi hizohizo ndizo chanzo cha makosa mengi kuliko sehemu nyingine yoyote. Wengi huamini kwamba ukikaza ringi inayozunguka kwenye nyuzi hizo na kubeba kikalio, springi inakuwa ngumu. Nadhani ni mazoea ya enzi za torsheni ba, ambapo boliti ya kuinulia gari ilikuwa ndiyo dawa ya kila kitu. Chukua springi yenye ugumu usiobadilika. Gari likiwa limesimama, springi inabeba uzito uleule kabla na baada ya kukaza, kwa hiyo imebanwa kiasi kilekile. Kilichobadilika ni kwamba shokapu imetanuka zaidi na gari limepanda. Tena limepanda kuliko ringi ilivyosogea: kwa kuwa shokapu hufungwa kati ya mwili wa gari na tairi, kwenye mkono wa chini (mkono ni chuma kinachounganisha tairi na mwili wa gari), pikapu nyingi hupanda karibu milimita mbili kwa kila moja ya ringi.

Kimo hicho kinakatwa kwenye safari ya kushuka. Tuseme tairi lilikuwa na milimita 90 za kushuka kutoka lilipokaa. Inua gari milimita 50, na 40 ndizo zilizobaki. Ukipita juu ya tuta kwa mwendo, tairi linataka kufuata ardhi iliyokimbia chini yake, shokapu inafika mwisho wa urefu wake, na unasikia mgongano wa chuma kwa chuma. Hapo utasikia watu wakilalamika kwamba koilova ni ngumu. Mara nyingi springi haina kosa. Gari limepandishwa mpaka likakosa nafasi ya kushuka. Aliyekaza ringi hadi juu ili apate inchi moja ya ziada amenunua shokapu nzuri na kuinyima nusu ya kazi yake.

Wanaoziuza huwa hawapendi kukaa sana kwenye mikono na ekseli. Mbele ikipanda, mkono wa juu unainama zaidi, boljointi (kiungio cha duara kwenye ncha ya mkono) inakaribia mwisho wa pembe yake, na kwenye magari mengi mkono huo unaanza kugusa springi nene tairi likining'inia. Kasta, yaani mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao tairi hugeukia, inapungua, na boliti za kurekebishia za kiwandani huishiwa nafasi kabla ya kuirudisha. Gari la namna hiyo linatangatanga kwenye barabara kuu, na usukani unachelewa kurudi katikati baada ya kona. Kwenye 4x4, viungio vya ekseli za mbele vinafanya kazi kwa pembe kali muda wote, raba zake zinachanika, grisi inaruka nje na mchanga unaingia. Kuna wanaoshusha diferensheli kidogo ili kupunguza pembe hiyo. Inasaidia, ingawa nafasi chini ya tumbo la gari, ile waliyoinulia gari, nayo inapungua.

Tazama watengenezaji wenyewe walivyofanya. Ford ilipotoa F-150 Raptor kama gari la mwaka 2010, ikiwa na shokapu za Fox za inchi 2.5, haikuzichomeka tu kwenye mikono ya F-150 ya kawaida. Gari lilipanuliwa na kupewa mikono yake yenyewe ili tairi lipate safari ndefu zaidi. Shokapu ilikuja pamoja na jiometria yake. Anayefunga koilova peke yake anapata shokapu ya Raptor juu ya safari ileile ya zamani. Hiyo bado ni faida kwa upande wa joto, lakini si gari lile analoliona kwenye video. Kwa maoni yangu, ukishavuka takriban inchi mbili, mikono ya juu si nyongeza tena. Ihesabu kwenye bei tangu siku ya kwanza, au usiende huko.

Kuhusu sevisi, pande zote mbili zina ukweli, na jibu linategemea fundi aliye karibu nawe. Shokapu ya kawaida ikifa inatupwa. Koilova inafunguliwa, inabadilishwa sili na mafuta, inajazwa naitrojeni na kurudi kazini, kwa hiyo kwa miaka mingi huenda ikawa nafuu. Sharti ni kuwepo mtu mwenye mtungi, geji na mikono safi. Asipokuwepo, una kifaa ghali kinachovuja na gari lililosimama likisubiri kifurushi. Vikosi vya mashindano ya jangwani kama Baja 1000 hufungua shokapu zao kila baada ya mashindano bila kulalamika. Wao wana gereji nzima inayowafuata. Mtu mwenye pikapu moja anayoitegemea kwa kila kitu hana.

Kuna udhaifu mwingine usiosemwa sana. Mwili wa silinda moja ukibonyezwa na jiwe, pistoni inaweza kukwama, kwa sababu ukuta uliobonyea ndio huohuo pistoni inaoteleza juu yake. Ya mirija miwili hubonyea nje na kuendelea na safari. Viungio vya chuma vya duara vilivyochukua nafasi ya bushi za raba vinaleta usukani mkavu na wa uhakika, kisha baada ya vumbi na matope vinaanza kugonga. Nyuzi zisizosafishwa zinashika kutu, na ringi ambayo ulilipia ili izunguke haizunguki tena.

Vitufe vya ukali navyo naviona kama anasa kwa wengi. Vinafaa kwa anayejua anachotafuta, anayebofya hatua moja, akapita kipande kilekile cha barabara, akaandika alichohisi. Wengine huzungusha hadi mwisho, wakaona gari limekuwa gumu, na kudhani gumu ndiyo bora.

Mimi ningezipendekeza kwa pikapu iliyobeba vyuma vya kudumu mbele na inayokimbizwa kwenye njia mbovu kwa saa nyingi mfululizo, ikiwa fundi wa kuzihudumia yupo. Kwa nyingine zote, shokapu za silinda moja zisizo na marekebisho pamoja na springi zilizochaguliwa kwa uzito halisi zitafanya kazi bila kukudai chochote baadaye. Kabla ya kuamua, soma pia masharti ya bima na waranti, na kumbuka kwamba taa za mbele zitahitaji kushushwa.

Aliyeamua kufunga apime gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, kutoka katikati ya kitovu cha tairi hadi ukingo wa fenda, pande zote mbili, kabla ya kufungua boliti ya kwanza. Boliti za bushi za mikono zikazwe mwisho wakati gari limekaa kwenye tairi zake, si likiwa juu ya jeki, la sivyo raba zitakaa zimejinyonga na kuchanika mapema. Alaimenti ifanywe siku hiyohiyo, na irudiwe baada ya kilomita mia chache, springi zikishakaa, huku ukiomba karatasi yenye namba ya kasta ya kila upande.