Tamthilia imekatwa njiani, na hakuna anayesema kitu

Hivi hawa wanaoviuzia vituo vyetu tamthilia za Mexico, Ufilipino na Uturuki wanatuonaje? Najua haki za kurusha huuzwa kwa muda maalumu na kwa idadi maalumu ya marudio. Sawa, ni biashara. Lakini kituo kinanunua msimu wa kwanza, mama zetu wanaufuatilia kila jioni hadi mboga inaungulia jikoni, halafu wa pili haununuliwi. Jumatatu saa moja na nusu unawasha runinga, unakuta marudio ya kipindi cha zamani. Hakuna tangazo, hata maandishi chini ya skrini hakuna! Bibi yangu bado anauliza kama yule binti alimpata mwanawe aliyeibiwa hospitalini. Nyie wenye vituo, mtuambie mapema kwamba mmenunua nusu.