Maabara ya nyutrino Tamil Nadu: sayansi ni safi, mlima ndio wenye kesi

Januari 2015 serikali ya India iliidhinisha takriban rupia bilioni 15 za kujenga maabara ya kuchunguza nyutrino, chembe ndogo mno za maumbile, ndani ya mlima, katika vilima vya Bodi West, wilaya ya Theni, jimbo la Tamil Nadu. Lichimbwe handaki la kilomita mbili hivi, kisha chini ya mwamba wenye unene wa zaidi ya kilomita moja kiwekwe kifaa cha chuma chenye sumaku, uzito wake tani 50,000, kiitwacho ICAL. Miaka imepita zaidi ya kumi na mlima bado haujatobolewa. Wanasayansi wanalaumu uzushi. Wakazi na watetezi wa mazingira wanalaumu ubabe wa serikali. Naona kila upande una hoja nzito ambayo mwenzake hataki kuisikia.

Nianze na sayansi, maana ndiyo iliyopotoshwa zaidi. Miale ya kosmiki, yaani chembe zenye nguvu kutoka anga za mbali, inapogonga hewa ya juu huzaa chembe nyingi, zikiwemo nyutrino. Hizi hazina chaji, ni nyepesi mno, na karibu zote hupenya dunia nzima bila kugusa chochote. ICAL isingetengeneza nyutrino hata moja. Ingezisubiri zinazokuja zenyewe. Mwamba unatakiwa ili kuzuia chembe nyingine za miale hiyo, ambazo juu ya ardhi ni nyingi kiasi cha kuzifunika kabisa dalili chache za nyutrino. Kwa hiyo madai yaliyoenea Theni, kwamba maabara ingemwaga mionzi mashambani au kuwa ghala la taka za nyuklia, hayana msingi. Nyutrino ambazo zingepimwa mlimani ndizo zilezile zinazompita mkulima wa Pottipuram, kijiji cha karibu na mlima huo, sasa hivi, na wewe unayesoma.

Na India haikuwa ikiiga wenzake. Mwaka 1965 nyutrino za angahewa zilinaswa kwa mara ya kwanza katika migodi miwili ya dhahabu: Kolar, kusini mwa India, na East Rand, karibu na Johannesburg. Mwaka 1998 Super-Kamiokande ya Japani, tangi la tani 50,000 za maji, ilionyesha kwamba nyutrino za muoni, moja ya aina tatu za nyutrino, zinazotokea upande wa pili wa dunia hupungua karibu nusu. Zilikuwa zimebadilika aina njiani, jambo lisilowezekana kama nyutrino zote hazina tungamo (masi). Miaka mitatu minne baadaye, maabara ya SNO ya Kanada ilithibitisha mabadiliko hayo kwa nyutrino za jua, na kufumbua kitendawili cha mwanasayansi Mmarekani Raymond Davis, ambaye tangu 1968 alikuwa akipata karibu theluthi moja tu ya zile zilizotarajiwa. Lililobaki ni kujua tungamo tatu za nyutrino zimepangika vipi, ipi nzito na ipi nyepesi. Hapo sumaku ya ICAL ina thamani ya kweli: ingetenganisha nyutrino na antinyutrino, pacha wake wa kinyume, tukio kwa tukio, kazi ambayo tangi la maji haliiwezi.

Lakini uzushi wa mionzi haukuota hewani. Mmoja wa wafadhili wakuu ni Idara ya Nishati ya Atomu, ambayo vinu vya nyuklia vya Kudankulam, katika jimbo hilohilo, viko chini yake. Vinu hivyo vilipingwa kwa maandamano makubwa mwaka 2011 na 2012. Mtu aliyeona yaliyotokea Kudankulam akisikia idara ileile inataka kulipua mlima wake, hofu yake ina sababu. Somo la fizikia haliwezi kuiondoa, na wasomi waliomwona mjinga walikosea sana.

Tena kuna msitu. Eneo la kwanza, Singara katika milima ya Nilgiri, lilikataliwa mwaka 2009 kwa sababu ya simbamarara wa hifadhi ya Mudumalai. Bodi ikachaguliwa, kumbe hifadhi ya Mathikettan Shola, katika jimbo jirani la Kerala, iko umbali usiofika kilomita 5. Mwaka 2017 mahakama ya taifa ya mazingira ilisimamisha kibali. Mwaka uliofuata wizara ikatoa kingine, ikiuita mradi huu wa kipekee na kuulegezea tathmini ya mazingira. Kwangu hapo ndipo wanasayansi walipopoteza haki ya kulalamika. Mradi unaojiamini haukubali kurahisishiwa tathmini. Mwaka 2022 serikali ya Tamil Nadu iliiambia Mahakama ya Juu ya India kwamba haiutaki, ikitaja ushoroba wa simbamarara kati ya Mathikettan na hifadhi ya Periyar.

Watetezi wa mradi husema kila kitu kitakuwa chini ya ardhi na msitu utabaki. Ni kweli baada ya ujenzi. Lakini baruti, vumbi na malori ya mawe kwa miaka kadhaa havitakuwa chini ya ardhi. Italia, kwenye maabara ya Gran Sasso, kemikali ya Borexino, jaribio la kupima nyutrino, ilivuja mwaka 2002 ikaingia kwenye maji, na kazi ikasimamishwa. ICAL isingehitaji matangi ya kemikali kama hiyo, ila wakazi wana haki ya kuuliza usalama wa karatasini utalindwa na nani.

Muda nao umebadilisha hesabu. Maabara ya nyutrino ya JUNO ya China, yenye tani 20,000 za kimiminika, ilianza kukusanya data Agosti 2025 ikilenga swali hilohilo la mpangilio wa tungamo. Wapo wanaosema ICAL haina kazi tena. Sikubaliani nao: JUNO hutegemea antinyutrino za vinu vya nyuklia, na ICAL ingetumia za angahewa zilizopenya dunia, njia tofauti kabisa ya kufikia jibu. Hata hivyo, haraka iliyotumiwa kuhalalisha kibali cha 2018 haipo tena. Basi ushoroba upimwe na watafiti wasiolipwa na mradi, na matokeo yasomwe Pottipuram kwa Kitamil kabla ya kupelekwa Delhi. Yakionyesha simbamarara wanapita pale, utafutwe mlima mwingine, hata kama mwamba wake ni mwembamba kidogo. Mfano mdogo wa ICAL, wa tani 85, tayari unafanya kazi katika mji wa Madurai. Vijana waendelee kujifunzia hapo.