Ukingoja Juni, pesa ya kaunti ishagawanywa

Kila mwaka ikifika Juni Wakenya tunakuwa wakali sana na bajeti, na mimi nafurahi kuona hivo, hasa tangu 2024 vijana walipoingia barabarani mpaka Rais akakataa kutia sahihi ule Mswada wa Fedha. Lakini kuna kitu kinaniuma. Hasira yote inaenda Nairobi, na pesa ya dispensari yenu, ya barabara ya wadi, ya chekechea, hiyo iko kaunti na hakuna mtu anaifuatilia.

Angalia kalenda, iko kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, sawa, lakini mpango wa maendeleo wa mwaka, ile watu wa kaunti huita ADP, unatakiwa ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1, yaani miezi kumi kabla ule mwaka inaoupangia uanze. Kufikia Februari 28 inaenda karatasi ya mkakati wa fedha, na hii ndio kubwa kabisa manake hapo kila idara inawekewa kiwango chake cha pesa, afya hizi, barabara hizi, ofisi ya gavana hizi. Makadirio ya bajeti yanaingia mwisho wa Aprili. Sa wewe unakuja Mei kwa kikao cha maoni, unasimama unasema tunataka wodi ya kina mama kujifungua, MCA, yule mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, anaitikia kwa kichwa, karani anaandika, na kumbe hiyo wodi itabidi inyang'anye projekti ingine ndani ya idara hiyo hiyo ya afya, haitatoka kwa pesa ya safari za waheshimiwa. Viwango vilishapangwa kitambo.

Halafu kuna hii tabia ya kuandika mapato hewa. Kaunti inasema itakusanya pesa nyingi kwa parking, soko, leseni na ada za ardhi, inajua vizuri mwaka jana haikufika hapo, lakini inaandika tu ndio bajeti ilingane, tenda zinatoka, kazi inafanywa, pesa haiko. Anayeumia ni yule mama aliyepeleka vyakula hospitali kwa mkopo wa benki na hajalipwa. Hata chama ya kina mama kijijini inauliza kwanza kwa kibeti kuna ngapi na nani hajalipa, ndio wapange kununua viti. Kwa nini tuitegemee kaunti ifanye chini ya hapo?

Na habari haijafichwa. Msimamizi wa Bajeti anatoa ripoti ya kaunti zote 47 kila robo mwaka, mle unaona walilenga kukusanya ngapi wakapata ngapi, na maendeleo yalikula ngapi ilhali sheria inataka angalau asilimia 30. Hizo kurasa mbili tatu za kaunti yako zisomeni kwa kikundi, kwa kanisa, kwa msikiti, mtafsirie wazee kwa lugha ya nyumbani.

Kisha Agosti mpeleke orodha yenu kwa MCA na kwa ofisi ya mipango, kwa maandishi, mgongewe muhuri mbaki na kopi. Februari mrudi na swali moja tu: idara ya afya imewekewa ngapi mwaka huu, na ile iliyopunguziwa ni gani?