Joto la Dar halitoshi kuivisha gundi

Kuna tabia moja kwenye viwanda vya vifungashio hapa Dar inaniumiza sana. Mtu ananunua mashine ya laminesheni, ile ya kubandika tabaka za plastiki kwa gundi, kwa hela ndefu, halafu roli zikitoka zinapangwa pembeni ya stoo eti joto la hapa linatosha, gundi itaiva yenyewe. Kuiva itaiva, ila lini, na itaiva sawasawa? Mchana stoo iko 33, usiku wa Julai inashuka inakaribia 20, roli la juu linapigwa na joto la bati na la chini limelala kwenye sakafu, kesho kutwa mteja wa viungo anapiga simu kwamba pakiti zinaachana.

Gundi isiyo na solventi, yaani kimiminika cha kuiyeyusha, haikauki kama rangi ya ukutani. Ni gundi na hadena yake, yaani kigumishaji, vinaungana kikemikali, na vinataka chumba maalum cha kuivishia chenye joto lililotulia, mara nyingi kati ya 35 na 45, siku moja mpaka tatu kutegemea maelekezo ya mtengenezaji. Ukipandisha joto ili uwahi unaharibu kwingine: kile kilainishi kilichomo kwenye polithini kinahamia kwenye gundi, plastiki haitelezi tena, mashine ya kufungashia inakwamakwama, na fundi wa watu anafungua mashine nzima kutafuta kosa ambalo halipo pale.

Chumba chenyewe sio maajabu. Paneli kama za kolrumu, yaani chumba cha baridi, hata umeme ukikatika joto halikimbii, mlango unaofunga vizuri, hita na kidhibiti joto. Ila mimi hela ningeiweka kwenye feni kwanza. Plastiki haipitishi joto haraka, hewa inaweza kusoma 40 huku tabaka za ndani za roli nene bado ziko chini kwa masaa mengi, sasa ukizibana roli hewa isipite katikati yake unajidanganya na themomita. Zininginizwe kwenye shafti zao, na themomita ziwe kadhaa, moja chini karibu na mlango, nyingine juu kona ya mbali. Kama mnatumia gundi ya solventi mvuke wake unashika moto, kwa hiyo feni ya kutoa hewa nje ni lazima, na hita ya waya wazi isiingie humo kabisa.

Lakini vita kubwa ni watu wa mauzo. Oda imechelewa, roli linatolewa bichi linapelekwa kukatwa. Jamani, hiyo ni pakiti ya chakula! Hadena ambayo haijamaliza kuungana ikikutana na maji ya chakula inatoa kemikali ziitwazo amini, na baadhi ya hizo amini zinahusishwa na saratani. Ulaya kwenye kanuni yao ya plastiki za chakula ya 2011 hawataki hizo za saratani zionekane, na jumla ya zilizobaki isizidi miligramu 0.01 kwa kilo ya chakula. Mtoto anayekula biskuti Mbagala naye ana tumbo lile lile.

Kujua kama gundi imeiva, kata kipande cha upana wa milimita 15, vuta tabaka mbili. Gundi ikiwa mbichi utaona nyuzinyuzi zinavutika, kidole kinanata. Ikiiva vizuri mara nyingi plastiki inachanika kabla haijaachana. Kila roli liwe na tiketi, limeingia saa ngapi, gundi ya bechi gani, lisitoke kabla ya lini, na ufunguo akae nao mtu wa ubora, hata gari la mteja likiwa linaunguruma getini.