Kura za Duterte hazikupigwa na wajinga

Desemba 2016, miezi mitano baada ya Rodrigo Duterte kuapishwa kuwa rais wa Ufilipino, shirika la kura za maoni la Social Weather Stations liliwahoji watu wazima 1,500 nchi nzima. Asilimia 85 walisema wanaridhika na vita vya serikali dhidi ya dawa za kulevya. Asilimia 78 walisema wana wasiwasi kwamba wao, au mtu wanayemfahamu, anaweza kuuawa katika wimbi la mauaji lililokuwa likiendelea. Asilimia 94 walisema ni muhimu washukiwa wakamatwe wakiwa hai.

Tuzisome namba hizi taratibu, maana watu huzipita mbio. Ukijumlisha 85 na 78 unapata 163. Kwa hiyo, uzipange utakavyo, angalau watu 63 katika kila 100 walikuwa pande zote mbili: wameridhika na operesheni, na papo hapo wanaiogopa. Rudia hesabu hiyo kwa 85 na 94, utakuta wasiopungua 79 katika kila 100 waliipenda operesheni huku wakitaka anayekamatwa asiuawe. Sioni hapo taifa lililolewa damu. Naona watu wazima walioingia makubaliano na mtu hatari, wakijua ni hatari, kwa sababu waliamini wenye adabu wote waliotangulia hawakuwa wamewasaidia.

Hilo ndilo linalokosekana katika mazungumzo mengi kuhusu viongozi wababe. Tunaelezwa sana jinsi kiongozi anavyotunisha misuli na kupandikiza hofu. Tunaelezwa kidogo mno kwa nini mtu mwenye akili timamu, anayelipa nauli yake na kusomesha watoto, aamue kumpa kura.

Ubabe wenyewe hauna ubishi. Katika kampeni za 2016 Duterte aliahidi kuua wahalifu 100,000 na kuwatupa Ghuba ya Manila wanenepeshe samaki. Alifanya utani jukwaani kuhusu mmishonari wa Australia aliyebakwa na kuuawa wakati wafungwa walipoteka watu mateka mwaka 1989 gerezani Davao, mji wa kusini aliokuwa akiuongoza, akisema yeye kama meya ndiye aliyestahili kuwa wa kwanza. Kauli hizo zilizunguka dunia, na kila mara wachambuzi walitabiri kwamba safari hii wapigakura watashtuka. Mei 9, 2016 walimpa kura zaidi ya milioni 16, karibu asilimia 39, katika kinyang'anyiro cha wagombea watano. Septemba mwaka huo, akiwa tayari Ikulu, alijifananisha na Hitler na kusema angefurahi kuwachinja waraibu milioni tatu.

Hiyo milioni tatu haikuwa na msingi, na hapa wakosoaji wake wana hoja isiyopingika. Utafiti wa 2015 wa Bodi ya Dawa Hatari, chombo cha serikali yenyewe, ulikadiria watumiaji wa dawa za kulevya kuwa milioni 1.8. Duterte akasema tatu, baadaye nne. Mei 2017 mwenyekiti wa bodi hiyo aliporudia hadharani makadirio ya milioni 1.8, rais alimfukuza kazi kwa kuipinga serikali. Hofu ilikuwa na bajeti yake na hesabu zake, na aliyezigusa aliondoka. Hata muda wa vita ulinyooshwa. Aliahidi kumaliza tatizo ndani ya miezi mitatu hadi sita, kisha Septemba 2016 akaomba sita mingine, na kufikia Januari 2017 akasema vita vitaendelea mpaka siku yake ya mwisho madarakani. Serikali imekiri vifo zaidi ya 6,200 katika operesheni za polisi. Makadirio ya mashirika ya haki za binadamu, pamoja na wauaji wa pikipiki waliofunika nyuso, yanafika hadi 30,000.

Haya mengi msomaji anayajua. Nisilolisikia mara nyingi ni upande wa pili, nao unastahili kusikilizwa kwa urefu.

Anza na uwanja wa ndege wa Manila mwishoni mwa 2015. Wafilipino wanaokwenda kufanya kazi ng'ambo walikuwa wakikutwa na risasi moja ndani ya mizigo yao, na malalamiko yakaenea kwamba baadhi ya maofisa ndio wanaozitumbukiza ili wadai hongo. Fikiria mama anayewahi ndege ya kwenda Jeddah au Dubai, mkataba mkononi, deni la wakala kichwani. Akizuiliwa siku moja tu, kazi imepotea. Watu wakaanza kuzungushia masanduku yao nailoni na gundi, duru baada ya duru, kujikinga na watumishi wa serikali yao wenyewe. Serikali ya Benigno Aquino III, ambayo uchumi wake ulikuwa ukikua kwa takriban asilimia 6 kwa mwaka na kusifiwa na wakopeshaji, ilionekana kulichukulia jambo hilo kuwa dogo. Duterte hakulichukulia hivyo. Kura za Wafilipino walio ng'ambo zilipohesabiwa, alizoa sehemu kubwa.

Dada zetu kutoka Kenya, Uganda na Tanzania wanaofanya kazi za nyumbani Ghuba, ambao mara nyingi wanaishi mtaa mmoja na Wafilipina, wanaijua sehemu inayofuata. Februari 2018 mwili wa mfanyakazi wa ndani Mfilipina ulikutwa ndani ya friza katika nyumba iliyoachwa Kuwait, umekaa humo zaidi ya mwaka. Duterte alipiga marufuku wafanyakazi wapya kwenda Kuwait, akatuma ndege ziwarudishe waliotaka kurudi, akazungumza kwa ukali ambao hakuna mwanadiplomasia angeushauri. Mei mwaka huo nchi hizo mbili zilisaini makubaliano yanayolinda haki ya mfanyakazi kutonyang'anywa pasi na kutumia simu yake. Kwa familia iliyokuwa ikisubiri simu kutoka Kuwait, ukali ule haukuwa maigizo. Ulikuwa mara ya kwanza kusikia mkuu wa nchi akikasirika kwa niaba yao.

Halafu kuna mahakama. Novemba 2009 watu 58, wakiwamo waandishi wa habari 32, waliuawa kwa mpigo mmoja Maguindanao, kusini mwa nchi, na watu wa ukoo uliotawala jimbo lile. Hukumu ilitoka Desemba 2019. Miaka kumi, kwa mauaji yaliyotazamwa na dunia nzima. Ikiwa kesi hiyo ilichukua muongo, mwenye duka la mtaani aliyeibiwa na kijana anayevuta shabu, yaani methamphetamine, ategemee nini? Unapomwambia mtu huyo kwamba mshukiwa ana haki ya kusikilizwa, hakatai. Asilimia 94 ile inasema hakatai. Anachouliza ni lini atasikilizwa yeye.

Davao ilikuwa jibu ambalo Duterte alilibeba kila jukwaa. Aliutawala mji huo zaidi ya miongo miwili. Uvutaji sigara hadharani ulikatazwa, watoto hawakuruhusiwa kuzurura usiku, na ukipiga namba ya dharura ambulansi inakuja bure. Waliokuwa wakiishi Manila na kukwama barabarani kwa muda wa saa tatu waliitazama Davao kama nchi nyingine. Mwaka 2011 binti yake Sara, meya wakati huo, alimpiga ngumi hadharani ofisa wa mahakama aliyekuwa akisimamia ubomoaji wa vibanda vya maskini, kwa kuwa hakutaka kusubiri saa mbili alizoombwa. Wanasheria walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini waliokuwa ndani ya vibanda wangeionaje ngumi ile? Mwaka 2022 Sara Duterte alichaguliwa makamu wa rais kwa kura zaidi ya milioni 32.

Kwa hiyo nasema bila kusita: aliyempigia Duterte kura mwaka 2016 hakuwa mjinga. Alikuwa na hofu ya kweli, aliyokuwa nayo kabla Duterte hajafungua mdomo.

Ila Davao yenyewe ilikuwa na ushahidi wa kutosha kwa aliyetaka kutazama. Takwimu za polisi za 2010 hadi 2015 ziliuweka mji huo nambari moja kwa idadi ya mauaji miongoni mwa miji mikubwa ya Ufilipino. Usalama uliouzwa ulikuwa wa barabara safi na taksi zinazorudisha chenji, huku vijana wa mitaa ya mabanda wakiokotwa maiti. Na operesheni ilipopandishwa kuwa ya kitaifa, mpango ukabaki ule ule: viongozi wa mitaa waliandaa orodha za majina, polisi wakabisha hodi, na ripoti baada ya ripoti ikasema mshukiwa alipambana akauawa. Hakuna aliyeeleza jina huingiaje kwenye orodha, wala hutokaje. Hapo ndipo ile 78 inapopata maana. Aliyekuwa amenunua ulinzi dhidi ya kibaka alijikuta hana ulinzi dhidi ya jirani mwenye kinyongo na kalamu.

Usiku wa Agosti 16, 2017, huko Caloocan kaskazini mwa Manila, polisi walimuua mwanafunzi wa miaka 17. Walisema aliwafyatulia risasi. Kamera ya mtaani ilionyesha maofisa wakimburuta akiwa mikononi mwao. Bastola ilikutwa katika mkono wake wa kushoto, na wazazi wake wakasema mtoto wao hakuwa wa mashoto. Mashahidi walimsikia akiomba aachiwe, kesho yake ana mtihani. Mamia ya nyumba zilikuwa zimeshapita katika usiku wa aina hiyo, lakini safari hii nchi iliona kwa macho. Alama za Duterte katika kura za maoni ziliporomoka, na Oktoba 2017 aliwaondoa polisi katika operesheni kwa wiki kadhaa. Novemba 2018 maofisa watatu walitiwa hatiani kwa mauaji.

Nalisisitiza tukio hili kwa sababu linaonyesha kile ambacho mashabiki wa wababe hawapendi kukiri: kiongozi huyo alikuwa akiwasikiliza sana wananchi wake. Walipochukia, alirudi nyuma. Maana yake angeweza kurudi nyuma mapema. Mauaji hayakuwa tabia yake tu asiyoweza kuizuia. Aliyapima, akaona yanalipa.

Ubabe ule pia ulikuwa na shabaha zake, nyingi zao wanawake waliomuuliza maswali. Seneta Leila de Lima, aliyeanzisha uchunguzi wa mauaji katika Seneti, alikamatwa Februari 2017 kwa mashtaka ya dawa za kulevya na kukaa mahabusu karibu miaka saba. Mashtaka yale yakaanguka moja baada ya jingine. Jaji Mkuu Maria Lourdes Sereno aliondolewa Mei 2018. Maria Ressa, mwandishi aliyepata Nobeli ya Amani mwaka 2021, alifunguliwa kesi mfululizo. Mwenye duka aliyetaka kibaka adhibitiwe hakuomba haya. Yalikuja ndani ya furushi moja.

Afrika Mashariki hatuko mbali na mazungumzo haya. Panya road, magenge ya vijana waporaji, walipotikisa Dar es Salaam mwaka 2022, sauti za kutaka wapigwe risasi tu hazikuwa chache. Rais William Ruto aliposema Julai 2025 kwamba anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi mguuni, wapo waliolaani, na wapo wafanyabiashara waliopoteza kila kitu siku chache kabla ambao hawakuona kosa. Kuwaita hao wa pili washenzi ni rahisi na hakuwarudishii duka. Inafaa zaidi kuwauliza walivyoripoti wizi mara ya mwisho, na faili liliishia wapi.

Upinzani wa Ufilipino ulichelewa kuuliza swali hilo. Kwa miaka ulipiga kampeni dhidi ya mtu, dhidi ya matusi yake na mauaji yake, na katika uchaguzi wa Seneti wa 2019 haukupata hata kiti kimoja kati ya 12. Machi 11, 2025 Duterte alikamatwa uwanja wa ndege wa Manila na kusafirishwa hadi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, kujibu tuhuma za mauaji kama uhalifu dhidi ya ubinadamu. Familia za waliouawa zilikuwa zimeisubiri siku hiyo kwa miaka, na naamini ilistahili kufika. Lakini haikuua siasa zake. Mei 12, 2025 watu wa Davao walimchagua meya akiwa kizuizini. Msaidizi wake wa siku nyingi, Bong Go, aliongoza kura za Seneti kwa kura zaidi ya milioni 27, na Ronald dela Rosa, mkuu wa polisi aliyeanzisha operesheni ile, akashika nafasi ya tatu.

Aliyeketi katikati yao, nafasi ya pili, ni Bam Aquino wa upinzani, aliyempita dela Rosa kwa tofauti ndogo katika kura zaidi ya milioni 20. Kura za maoni hazikumtarajia hapo. Alizunguka nchi akinadi elimu na ajira, na sheria ya vyuo vya umma bila ada, ambayo yeye aliisimamia katika Seneti na Duterte akaisaini mwaka 2017.