Mtoano wa NFL ni kazi ya wanne wa mbele

Kila ikifika Januari, mazungumzo ya mtoano wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, hugeuka kuwa ya mtu mmoja: kwotabeki, yaani mtupaji pasi wa timu. Nani ana Patrick Mahomes? Josh Allen atavuka safari hii? Lamar Jackson je? Mabango ya mechi huweka sura mbili zikitazamana kama mabondia kabla ya pambano. Basi hao wawili hawakutani kamwe. Mmoja akiwa uwanjani, mwenzake yuko benchi anakunywa maji. Anayekutana na kwotabeki ni jitu la kilo 140 lililotumwa kumkalisha chini, na mimi nashikilia kwamba jitu hilo na wenzake watatu ndio wanaoamua kombe linakwenda mji gani.

Mashindano yenyewe hayana huruma. Ligi ina timu 32, kila moja hucheza mechi 17, na timu 14 huingia kwenye mtoano: saba za AFC na saba za NFC, pande mbili za ligi. Kinara wa kila upande hupumzika raundi ya kwanza. Waliobaki lazima washinde mechi nne mfululizo, na hakuna marudiano wala kujumlisha matokeo. Ukiteleza Jumamosi, Jumapili unatazama wenzako. Kwa utaratibu huo ungetarajia bahati itawale. Inayo sehemu yake, sikatai. Lakini zitazame fainali za miaka 20 hivi iliyopita, utakuta jambo moja linajirudia kiasi kwamba huwezi kulisingizia bahati.

Hesabu yake ni hii. Timu inayolinda ina watu 11. Timu inayotaka kutupa pasi huwa na watano wa kumkinga kwotabeki, na wapokeaji wasiozidi watano wanaokimbia kutafuta nafasi. Ukituma watu wanne wakamfikia kwotabeki, unabakiwa na saba wa kuwachunga watano. Hapo kila njia imefungwa. Wanne wakishindwa kufika, kocha wa ulinzi hulazimika kuongeza wa tano, pengine wa sita. Hiyo ndiyo blitzi, na mashabiki huipenda kwa sababu inaonekana ya kishujaa. Tatizo ni kwamba kila unayemtuma mbele ameacha pengo alipotoka. Kwotabeki wa kawaida atababaika asilione. Tom Brady alikuwa analiona kabla mpira haujachezwa, na Mahomes vivyo hivyo. Kuwatumia watu hao blitzi usiku kucha ni kuwapa zawadi.

Kwenye msimu wa kawaida unaweza kuishi bila hao wanne. Utakutana na timu dhaifu, utakutana na kwotabeki wa akiba, utaiba ushindi hapa na pale. Mtoanoni dhaifu wote wameshakwenda likizo.

Chukua Super Bowl, yaani fainali, ya tarehe 9 Februari 2025 kule New Orleans. Kansas City Chiefs, timu ya Mahomes, walikuja na rekodi ya kushinda mechi 15 na kupoteza mbili, wakitafuta kombe la tatu mfululizo, jambo ambalo hakuna timu iliyowahi kulifanya tangu Super Bowl ianze. Vic Fangio, kocha wa ulinzi wa Philadelphia Eagles, hakutuma blitzi hata mara moja. Hata moja! Wanne wake walimwangusha Mahomes mara sita. Kipindi cha kwanza chote Chiefs walisogea yadi 23 tu, pasi mbili zikanaswa na walinzi, mojawapo na Cooper DeJean aliyekimbia nayo hadi mwisho wa uwanja akafunga, siku aliyokuwa akitimiza miaka 22. Mapumziko yalifika 24 kwa 0. Kwa sisi tuliokesha, maana Afrika Mashariki mchezo huanza saa nane na nusu usiku, ilikuwa ruhusa ya kwenda kulala. Mwisho ulisoma 40 kwa 22, na zile 22 zisikudanganye, nyingi zilikuja mambo yameshaisha.

Linalonivutia ni kwamba ugonjwa wa Chiefs ulijulikana. Walikosa mtu wa kuaminika wa kukinga upande wa kushoto, upande ambao kwotabeki wa mkono wa kulia haoni anayemjia, hadi wakamtoa Joe Thuney katikati, mahali pake pa miaka yote, wakamsogeza pembeni azibe. Wiki baada ya wiki Mahomes alitoroka, mechi zikaishia kwa tofauti ya pointi chache, ushindi ukaandikwa. Kisha wakakutana na Eagles.

Na haikuwa mara ya kwanza. Miaka minne kabla, Februari 2021, Chiefs haohao walikwenda fainali bila wakingaji wao wawili wa pembeni, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, wote majeruhi. Tampa Bay Buccaneers waliona, wakatuma wanne wao na mara chache sana zaidi ya hapo, na Mahomes akaumaliza usiku akikimbia huku na huko kuokoa roho yake. 31 kwa 9. Chiefs hawakupata hata tachidauni moja, yaani bao la kuufikisha mpira mstari wa mwisho. Magazeti yaliandika Brady, kwotabeki wa Buccaneers usiku ule, kampiga Mahomes. Brady hakumgusa mtu.

Brady mwenyewe alishaonja dawa hiyo. Msimu wa 2007 New England Patriots, timu yake ya wakati huo, walikuwa hawajafungwa, mechi 18 ushindi 18, na yeye alikuwa ametupa pasi 50 za tachidauni, rekodi kwa wakati ule. Fainalini walikutana na New York Giants walioingia kwa kuchechemea, ushindi 10 na vipigo 6. Justin Tuck, Michael Strahan, Osi Umenyiora na wenzao walimkalisha Brady chini mara tano. Patriots, waliozoea kufunga pointi 30 na kitu, waliishia 14, Giants 17. Dunia inakumbuka David Tyree, mpokeaji wa Giants, alivyoubana mpira kwenye kofia yake. Ni picha nzuri, lakini bila wale wa mbele mchezo ungekuwa umekufa zamani na Tyree asingepata nafasi ya kuubana popote.

Watu kama hao hawapatikani sokoni kwa urahisi, unawalea. Eagles wamekuwa wakitumia nafasi zao za mwanzo za kuchagua vijana wa vyuo kwa ajili ya mistari ya mbele miaka nenda miaka rudi: Brandon Graham 2010, Lane Johnson 2013, Jordan Davis 2022, Jalen Carter 2023. Na Jordan Mailata, anayemkinga kwotabeki wao upande wa kushoto, alitoka Australia akicheza raga, hajawahi kucheza futiboli ya Marekani maishani, wakamchukua raundi ya mwisho mwaka 2018 wakamfundisha kuanzia alifu. Wapenzi wa raga wa Kenya wanaijua njia hiyo: Daniel Adongo alihama kutoka raga kwenda Indianapolis Colts mwaka 2013, Mkenya wa kwanza kufika NFL. Kwake haikuchukua muda mrefu. Kwa Mailata imezaa pete ya ubingwa.

Najua hoja inayokuja. Brady ana makombe saba, Mahomes matatu. Hiyo si kazi ya kwotabeki? Ni kazi yake pia. Sijasema umpange mpiga debe pale nyuma. Nasema kwotabeki mkubwa anakufikisha mlangoni karibu kila mwaka, na siku anayobeba kombe ujue wa mbele walimfanyia kazi. Mfano wa kinyume ni Peyton Manning, kwotabeki wa Denver Broncos, msimu wa 2015: mwili umechoka, pasi 9 za tachidauni na 17 zilizonaswa, takwimu za mtu anayepaswa kukaa benchi, na kweli alikaa. Msimu huohuo akastaafu na kombe. Mchezaji bora wa fainali yake alikuwa Von Miller, mlinzi wa timu yake, aliyempokonya kwotabeki Cam Newton mpira mara mbili karibu kabisa na mstari wa Carolina Panthers, na zote mbili zikazaa tachidauni.

Yapo mengine, ila nayaweka daraja la pili. Baridi ni mojawapo. Januari 2024 Miami Dolphins, timu iliyosogeza yadi nyingi kuliko zote msimu ule, walikwenda Kansas City kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri za Selsiasi wakafunga pointi saba. Kupoteza mpira ni jingine: Baltimore Ravens walicheza vizuri tu Buffalo Januari 2025, wakapoteza mpira mara tatu wenzao hawajapoteza hata mara moja, na bado wangesawazisha kama mpokeaji wao Mark Andrews asingeuangusha mpira wa pointi mbili za nyongeza mikononi mwake. 27 kwa 25.

Kisha kuna vikosi vya mateke, ambavyo hakuna anayenunua jezi yao. Green Bay Packers walikuwa vinara wa NFC msimu wa 2021, wana kwotabeki Aaron Rodgers, wako nyumbani, theluji inaanguka. Ushambuliaji wa San Francisco 49ers haukupata tachidauni hata moja usiku ule, na 49ers wakashinda 13 kwa 10. Walizuia teke moja la pointi tatu, wakazuia jingine la kuondosha mpira shambulio likikwama, na kulirudisha kuwa tachidauni. Teke la mwisho la Robbie Gould wa 49ers lilipopigwa, Packers walikuwa na watu 10 uwanjani badala ya 11. Timu iliyojiandaa msimu mzima, dakika ya mwisho haijui kuhesabu.

49ers nao walilipia miaka miwili baadaye. Fainali ya Februari 2024 dhidi ya Chiefs ilikwenda muda wa nyongeza, wa kwanza kuchezwa chini ya kanuni mpya inayozipa timu zote mbili zamu ya kushambulia. 49ers wakachagua kuanza wao. Baadaye wachezaji wao kadhaa walikiri hawakuijua kanuni hiyo. Chiefs walikuwa wakiizungumza tangu kambi ya mazoezi. Hilo ni kosa la benchi, na sioni utetezi wake. Hata hivyo tazama 49ers walipokwama: wako yadi tisa kutoka mstarini, Chris Jones, jitu la mbele la Chiefs, akapita bila kuguswa na mtu, kwotabeki Brock Purdy akalazimika kuutupa mpira haraka, wakaridhika na pointi tatu. Chiefs wakajibu kwa tachidauni, 25 kwa 22. Na kocha wa ulinzi wa Chiefs ni Steve Spagnuolo, yuleyule aliyewaongoza wale walinzi wa Giants mwaka wa Patriots. Spagnuolo hupenda blitzi kuliko ninavyoona inafaa, lakini mwenye Chris Jones anaruhusiwa anasa.

Kesi inayonisumbua kweli ni ya Cincinnati Bengals. Januari 2022 kwotabeki wao Joe Burrow aliangushwa mara tisa na Tennessee Titans, na Bengals wakashinda 19 kwa 16. Nadharia yangu yote hapo inaonekana takataka. Wakaendelea hadi fainali, wakakutana na Los Angeles Rams. Burrow akaangushwa mara saba. Zikiwa zimebaki sekunde chache, wanahitaji yadi moja tu ili wabaki na mpira, wako nyuma 23 kwa 20, Aaron Donald wa Rams akamshika Burrow na kumzungusha, mpira ukaruka hewani ukaanguka chini. Donald akavua kofia akionyesha kidole cha pete.

Machi ya mwaka uleule Bengals walisajili wakingaji watatu: Alex Cappa, Ted Karras na La'el Collins. Wakarudi hadi mlango wa fainali Januari 2023, huko Kansas City, lakini kufikia siku hiyo wakingaji watatu kati ya watano wao wa kwanza walikuwa majeruhi, Cappa na Collins wakiwemo. Burrow akaangushwa mara tano. Zamu ya mwisho, mechi ikiwa sare, Chris Jones akamfikia tena, Bengals wakalazimika kuondosha mpira. Chiefs wakaja wakamaliza kwa teke la Harrison Butker. 23 kwa 20, matokeo yaleyale.